Baba Anasemaje Kuhusu Tackett

Youngstown, Ohio
Aprili 20, 1949

Mdogo wangu Cyril,

Mama anasema nianze kwa kukuuliza kama unakula. Haya, nimekuuliza. Sasa tuingie kwenye mambo ya maana.

Jana Wahunzi wetu tumefungua msimu wa besiboli na tumepigwa na Erie, sita kwa tano. Najua gazeti la huko Colorado litakupa matokeo tu, tena ya juzi, kwa hiyo nakuandikia kama nilivyokuahidi. Tulikuwa jikoni wote, mimi na Milka, Mama na Baba, redio juu ya kabati. Tackett alirusha raundi saba na wala hao samaki wa Erie hawakupata hata pointi moja. Mkono ule wa kushoto ulikuwa unazungumza, nakwambia! Halafu kocha anamtoa, eti mzee wa miaka thelathini na nne asichoshwe mapema. Anamwingiza Lundy. Raundi mbili, pointi sita.

Baba alisimama akaielekezea redio kijiko. "Mpumbavu wewe! Unamtoa Tackett unaniletea mwimba kwaya?"

Mama akamwambia, "Ondrej, redio haikusikii."

"Itanisikia!"

Mke wangu naye, unamjua Milka hakawii, akasema Tackett kazeeka, afadhali Wahunzi wamuuze angali na bei. Baba akamgeukia. "Mkwe wangu, ukirudia neno hilo utakula nje na mbwa." Hatuna mbwa, lakini Milka hakurudia.

Baba hakusema nikusalimu. Nakwambia kwa sababu uliniomba nisikufiche kitu.

Kaka yako,
Emil

*

Colorado
Aprili 27, 1949

Kaka Emil,

Nakula. Mwambie Mama wananilisha mayai sita kwa siku, nikirudi nitakuwa natembea kama bata. Mchana kutwa tunalazwa kibarazani kwenye baridi, tumefungwa mablanketi kama watoto wachanga, wagonjwa kumi na wanane, na ni marufuku kucheka kwa sauti kwa sababu ya mapafu. Niliposoma habari ya mwimba kwaya nilicheka, muuguzi akanitishia kuninyang'anya barua.

Kuhusu kikosi: Milka amekosea. Tackett asiguswe. Anayetakiwa kuuzwa ni Lundy, wangali wapo wanaodhani ana kipaji. Tatizo letu ni uwanja wa nje upande wa kushoto. Yule tuliyenaye anaukimbilia mpira kama anayemkimbilia mtu anayemdai. Na Scarpelli, mdakaji wetu, mikono inashuka kila mwaka. Msomee Baba maneno haya, halafu umuulize angekuwa yeye kocha angemtoa nani.

Kuna jambo lingine. Tarehe kumi na moja Februari nilikaa dirishani mwa treni mpaka mnara wa maji wa kiwanda cha chuma ukapotea. Nilikuona wewe, nikamwona Mama, nikamwona Milka. Baba sikumwona. Mwaka mzima nilikohoa akaniita mvivu, akasema mtu anayefanya kazi hana nafasi ya kukohoa. Daktari alipotaja kifua kikuu akanyamaza, na hajasema nami tena mpaka leo. Sitaki aniombe radhi. Baba hajui kuomba radhi, angeumia. Nataka anitukane tu, kwa barua, mistari miwili. Nijue bado ananihesabu.

Mdogo wako,
Cyril

*

Kwa Bwana Emil Hruska
Mei 3, 1949

Bwana Hruska,

Nimepokea simu yako ya maandishi kuhusu kifo cha baba yenu mnamo Aprili 30. Poleni sana.

Simu za wagonjwa hupitia ofisini kwangu, na hii nimeizuia. Nieleze sababu. Wiki iliyopita mdogo wako alitema damu mara mbili. Amenikataza kuwaandikia, nami naivunja amri yake kwa sababu ni lazima ujue. Huenda mwezi wa Agosti tukamfanyia upasuaji, tumwondoe mbavu kadhaa ili pafu la kulia lilale na kupona. Mpaka siku hiyo anahitaji utulivu kamili. Nimewaona wagonjwa wenye hali kama yake wakizidiwa baada ya habari ya msiba. Hawezi kusafiri kwenda mazikoni kwa namna yoyote ile.

Siwezi kukulazimisha. Lakini kama familia inaweza kuvumilia, nakushauri asiambiwe hadi baada ya upasuaji, na barua za nyumbani ziendelee kama kawaida. Anazisubiri kuliko dawa.

Wako,
Dk. Aldous Prentiss

*

Youngstown
Mei 9, 1949

Mdogo wangu Cyril,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kiwandani walituongezea zamu, halafu mafua yakazunguka nyumba nzima.

Barua yako nimemsomea Baba. Alikuwa ameketi pale pale pake karibu na dirisha. Anasema kuhusu Lundy mmekubaliana, auzwe hata kwa gunia la viazi. Kuhusu Scarpelli anasema hapana, mdakaji mzee anajua siri za wapigaji wote, mikono si kitu. Upande wa kushoto anakubali ni shimo.

Kuhusu lile jambo lako lingine, alisikiliza. Hakujibu, lakini alisikiliza mpaka mwisho. Anasema upone haraka.

Wiki iliyopita tulishinda tatu tukapoteza mbili. Mama anakusalimu. Macho yanamsumbua kidogo.

Kaka yako,
Emil

*

Colorado
Mei 17, 1949

Kaka Emil,

Amejibu! Sikutegemea. Nimeibandika barua yako ukutani juu ya kitanda, na jirani yangu Thorvald, fundi viatu wa kutoka Minnesota, anasema kama baba yangu anamtetea Scarpelli basi baba yangu hajui mpira. Nimemwambia ashukuru kwamba baba yangu yuko mbali.

Mwambie Baba kuhusu mdakaji amekosea kabisa. Wiki iliyopita Erie walimwibia vituo vinne katika mchezo mmoja, nimeona gazetini. Siri za wapigaji zinasaidia nini kama wapinzani wanakukimbilia puani? Asikimbie swali, anijibu.

Mafua yenu yaishe. Mama asafishe macho kwa maji ya uvuguvugu.

Mimi niko salama, sijambo kabisa.

Cyril

*

Youngstown
Juni 17, 1949

Mdogo wangu Cyril,

Keti vizuri. Najua umelala, basi lala vizuri.

Juzi, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, Wahunzi wamempeleka Tackett Erie. Ndiyo, Erie! Sisi tumepewa Brubaker wa kulinda upande wa kushoto, na mrushaji mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumsikia. Mjini watu wamekasirika. Kwa kinyozi ilitaka kuwa ngumi.

Nilimsomea Baba gazeti. Alifikiri kidogo, akasema Tackett ametumika vya kutosha, mkono wake umechoka, na ya kwamba Brubaker ataziba lile shimo ulilolisema. Anasema pengine ni biashara nzuri. Usihuzunike basi.

Nyumbani wote wazima.

Emil

*

Colorado
Juni 25, 1949

Kaka Emil,

Baba amesema hivyo?

Sawa. Mwambie nimemsikia.

Wamenipangia upasuaji Agosti kumi na sita. Usimwambie Mama habari ya mbavu, mwambie wataniangalia tu.

Endelea kuniandikia. Niandikie kila anachosema. Sijali ni kuhusu mchezaji gani.

Cyril

*

Youngstown
Julai 18, 1949

Mdogo wangu,

Tumepoteza sita mfululizo. Brubaker anapiga hewa. Lakini leo siandiki kwa ajili ya mpira.

Kwa sababu siku yako inakaribia, nataka uende ukiwa na moyo mwepesi. Jumapili baada ya misa nilikuwa na Baba kibarazani. Ghafla akaniambia, "Emil, mwandikie mtoto. Mwambie nilikosea kutokwenda stesheni. Nilikosea kumwita mvivu. Mwambie nampenda, na ninajivunia jinsi anavyopambana."

Ndivyo alivyosema, neno kwa neno. Nimekuandikia upesi nisije nikasahau.

Kaka yako akupendaye,
Emil

*

Colorado
Julai 27, 1949

Kaka Emil,

Baba amekufa lini?

Usishtuke, na usimlaumu mtu wa hapa, hakuna aliyeniambia. Ni wewe. Nimejua tangu ile barua ya Juni. Ondrej Hruska amesikia kwamba Tackett amepelekwa Erie, halafu akafikiri kidogo, akasema ni biashara nzuri? Kaka, Baba angeitupa redio dirishani. Angewatukana wenye timu mpaka bibi zao kijijini, kwa Kislovakia, mpaka Mama afunge madirisha. Nikarudi kuzisoma barua zote. Tangu Mei hajanitukana hata mara moja. Hajamtukana hata Lundy. Niliilaza ile barua kifuani nikajua sina baba.

Utauliza kwa nini sikusema. Nilitaka kelele za jikoni kwetu. Ninyi mmeliwazana, mmeshikana, mna kaburi la kwenda kupalilia. Mimi nilikuwa na karatasi. Nikawaza, kama nikinyamaza, kila wiki mbili Baba atakuwa hai kwa kurasa mbili, hata kama amekuwa mpole namna hiyo. Ningeendelea mpaka msimu uishe. Maneno ya mpira ungeyatunga hata miaka kumi, nisingekuzuia.

Lakini haya ya Jumapili sikuweza. Baba yetu hakuwahi kusema "nampenda" kwa kiumbe yeyote. Mama mwenyewe ameisubiri kauli hiyo miaka arobaini. Kitu pekee duniani nilichokuwa nakitaka kutoka kwake, umekitoa wewe mfukoni mwako ukanipa. Sasa sitakipata kamwe, na kibaya zaidi, nimeonyeshwa kingekuwaje.

Sikuandikii kwa hasira, Emil. Sina pumzi ya hasira. Niambie ukweli tu. Alikufa lini, wapi, aliumwa nini, alivaa nini mlipomzika. Na alisema nini kuhusu mimi. Kama hakusema kitu, andika hakusema kitu.

Cyril

*

Youngstown
Agosti 3, 1949

Cyril,

Nimeanza barua hii mara tano. Mama ndiye aliyeniambia niache kuchana karatasi nikuandikie kama ninavyozungumza.

Baba alikufa Jumamosi, Aprili 30, mchana, jikoni. Ni moyo. Tulikuwa tunacheza na Erie, Tackett anarusha. Mama na Milka walikuwa kanisani wanapanga maua. Tulikula haluski, vile vidonge vya unga vya Mama, kwa kabichi, akamaliza sahani, akasogeza kiti karibu na redio. Raundi ya saba Scarpelli aliangusha mpira, Baba akasema, "Mwambieni huyo ainue mikono, mikono!" Akaegemea ukuta. Nilidhani amesinzia, unajua alivyokuwa akisinzia baada ya chakula. Nikaendelea kusikiliza. Cyril, nilizungumza naye raundi mbili nzima. Nikamwambia, "Umeona, Baba, Tackett bado yupo." Nikamwambia, "Tumeshinda, Baba, amka." Nikaenda kumgusa bega.

Ndiyo maana sikuweza kukuandikia mapema. Halafu nikatuma simu, na daktari akanijibu kwamba unatema damu, jambo ulilonificha wewe, na kwamba habari hii ingekuua. Barua yako ya kumtaka akutukane ilifika siku ya pili baada ya mazishi. Niliisoma nikiwa bado na suti nyeusi, nilikuwa nimetoka kwa padri. Ningekujibu nini?

Tulimvalisha ile suti aliyoivaa kwenye harusi yangu na viatu vipya alivyokuwa anaviwekea Krismasi. Kiwanda kizima kilikuja. Yupo upande wa mashariki wa makaburi ya kanisa, karibu na bibi.

Umesema nimemfanya mpole. Ni kweli. Maneno yake ya mpira niliyaweza. Hasira yake nilishindwa. Tackett alipouzwa nilikaa mezani nikajaribu kuandika vile ambavyo angetukana, na kila tusi nililoliandika lilikuwa na sauti yake, nikawa nalia mpaka Milka akaja kuninyang'anya kalamu. Nikaandika kwamba amekubali. Ilikuwa rahisi zaidi. Na ya Jumapili niliyatunga yote. Nilikuwa naogopa utakufa kwenye meza ya upasuaji ukidhani hakukutaka. Nisamehe. Au usinisamehe, lakini ujue sababu.

Sasa unauliza alisema nini kuhusu wewe. Siku ile hakukutaja. Lakini kuna jambo la kweli, na nilikuwa nimeapa nisikuambie.

Februari kumi na moja, treni yako ilipoondoka, Mama na Milka walitangulia kutoka. Mimi nilibaki nafunga kiatu. Nikaona mtu anakuja mbio upande wa kushushia mizigo, na aproni ya ngozi, na masizi usoni. Ni Baba. Alikuwa ametoroka tanuruni katikati ya zamu. Miaka thelathini na moja hakuwahi kutoka hata kwa homa. Alisimama akishika magoti, anahema. Akauliza, "Ameondoka?" Nikamwambia ameondoka. Akauliza, "Alikula?" Nikamwambia alikula mkate na soseji. Akaangalia reli kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Usimwambie nilikuja. Atadhani naogopa." Akarudi kazini. Wakamkata mshahara wa siku nzima, akamwambia Mama saa ya ukutani kiwandani ilikuwa na makosa.

Huo ndio ukweli, naapa kwa roho ya Baba. Ningekuambia siku ile ile. Nilikaa kimya kwa sababu aliniomba, na alikuwa hai.

Emil

*

Colorado
Septemba 22, 1949

Kaka Emil,

Naandika nimelala ubavu wa kushoto, kwa hiyo uvumilie mwandiko. Nilipasuliwa mara mbili, Agosti na tena wiki ya kwanza ya mwezi huu. Mbavu saba hazipo. Bega la kulia limeshuka na sitarusha mpira tena maishani, hata kwa watoto wako, lakini sitemi damu. Daktari anasema nitaishi. Aliniomba radhi kwa kuizuia simu yako. Nilimwambia pengine alikuwa sahihi, maana sijui. Thorvald alikufa mwezi uliopita, kitanda chake amepewa mwingine.

Barua yako ilifika kabla ya upasuaji. Nimeisoma mpaka imekatika kwenye mikunjo.

"Ameondoka? Alikula?" Ni Baba huyo. Ni Baba kabisa, hakuna mtu mwingine duniani angeuliza hivyo. "Atadhani naogopa." Namsikia. Na hapo ndipo ninapokwama, Emil. Umeandika kwa mdomo wake miezi mitatu, umeshajifunza. Umeniambia mwenyewe ulishindwa hasira yake tu. Nilipokuambia kwamba yale ya Jumapili yalikuwa matamu mno, barua iliyofuata ikaniletea mengine yasiyo matamu, ya ukubwa ule ule ambao moyo wangu ungeukubali.

Nilimwomba Milka amuulize Mama. Mama amejibu kwamba siku hiyo Baba alikatwa mshahara, kweli, na kwamba alisema habari ya saa. Alikuwa wapi, Mama hajui. Hakumwambia.

Basi niko hivi. Kuna siku naamka nikiamini, na siku hizo namwona kabisa na aproni yake pale kwenye mizigo, nakula chakula chote. Kuna siku naamka nikijua kwamba ninaye kaka anayenipenda sana na baba ambaye hakuja. Jana ilikuwa hii ya pili. Leo bado sijajua. Usiniapie tena. Kiapo hakisaidii, umeshaapa, na ninyi wawili ndio mlikuwa pale, na mmoja hasemi. Kama ungeniambia Februari ningekuamini bila hata kufikiri. Sikulaumu. Nasema tu ilivyo.

Nina ombi moja. Miaka yote, nilipokuwa jeshini na sasa huku, wewe ndiye uliyeshika kalamu. Baba anasema Tackett, Baba anasema Scarpelli, Mama anauliza kama nakula, Milka kasema hivi. Nimezipanga barua zako zote kitandani, kaka, thelathini na nne, na hakuna hata moja iliyosema wewe unasemaje. Umekaa jikoni pale miaka yote hiyo, na sijui unampenda mchezaji gani. Sijui ulidhani kumuuza Tackett ni kosa au si kosa. Sijui ulilia wapi siku ya mazishi, au kama ulipata nafasi.

Msimu unaisha wiki ijayo na tuko wa mwisho. Sikiliza mchezo wa kumaliza, halafu uniandikie. Usianze na Baba.

Mdogo wako,
Cyril